Mpira Usiovuka Kilima

Ndugu zangu, nianze na ujinga wangu kabla hamjautafuta wenyewe: nilipiga mpira kwanza, kelele nikapiga baadaye. Mpira ulikuwa tayari uko hewani, unaelekea nyuma ya kilima ambako sikuona kitu, ndipo nikaita, "Oooi." Na mnajua kwetu mtu akiitwa akiwa shambani habaki ameinama. Anainuka amjibu anayemwita. Mama mmoja aliyekuwa akikata nyasi nyuma ya kilima kile akainuka kuniitikia, mpira ukamkuta begani.

Ningenyamaza, ungempita juu ya mgongo. Hilo ndilo linalonisumbua hadi leo.

Lakini nimekimbia mbele. Nirudi nyuma kidogo.

Mimi ni mtu wa nyumbani. Kutoka Muleba hadi hapa kwenu Buhembe, kwangu ni safari ya kuaga ukoo. Mke wangu amenifungia chakula kana kwamba nahamia ng'ambo. Shule niliishia sekondari, tena niliimaliza bila mwalimu yeyote kugundua kwamba nipo. Maisha yangu yalikuwa kibanja changu, migomba na mibuni, na redio jioni. Basi jirani yetu mmoja akastaafu kazi mjini, akarudi na mfuko wa fimbo kuukuu za gofu. Akatukusanya wanaume wachache, tukafyeka njia kwenye rweya, yaani ule uwanda wa nyasi unaotenganisha kijiji na kijiji. Tukafukia makopo ya maziwa ya unga yawe mashimo yetu. Mchezo wenyewe ni mwepesi kuuelewa: anayeingiza mpira koponi kwa mapigo machache kuliko wenzake ndiye mshindi.

Hiyo ndiyo sheria. Nani aliikumbuka? Sisi Wahaya tunasemwa nchi nzima kwamba tunapenda kujikweza, na mimi sikutaka wanaosema hivyo waonekane waongo. Tulichoshindania ni nani kapeleka mbali. Nilijichagulia fimbo ndefu kuliko zote, najipinda hadi mgongo unalia, napiga kama mtu anayefukuza senene kwa jembe. Mpira unaruka, wenzangu wanaguna. Ulikoangukia, Mungu anajua. Mara kinamasini, mara kwenye kibanja cha watu, nami nabisha hodi, naamkia kila aliye uani, naulizwa habari za watoto, ndipo niruhusiwe kutafuta chini ya migomba. Kopo nililifikia wa mwisho kila siku, lakini waliniita Bunduki. Ndugu zangu, nawaambia, mtu ambaye maisha yake yote ameitwa "yule wa nyumbani", siku moja akiitwa Bunduki, akili inahama.

Mke wangu aliniuliza, "Baba, huo mpira unajua unakokwenda, au unakwenda tu?"

Nikamjibu kwamba mambo ya michezo hayajui.

Sasa, rweya si mali ya wacheza gofu. Akina mama wanakata nyasi pale za kutandaza chini ya migomba. Bila nyasi hizo ardhi inakauka, mgomba unakonda, mkungu unatoka kama ngumi ya mtoto. Nililijua hilo tangu nazaliwa. Siku ile nililisahau kwa sababu wenzangu walisema hakuna anayeweza kuvusha mpira juu ya kilima.

Niliposikia sauti upande wa pili, nilikimbia. Nilimkuta ameketi, mundu umeanguka, ameushika mkono mmoja kwa mwingine. Ni jirani yangu, mjane, umri wa dada yangu mkubwa. Uso ulikuwa umebadilika rangi. Akaniuliza taratibu, "Ni wewe uliyeniita?"

Nikasema kwa heshima ya kwetu, "Ni mimi, waitu."

"Haya. Nimeitika."

Tulimbeba kwa machela hadi barabarani. Mimi niliomba kushika mbele, watu wakadhani ni ushujaa. Nilitaka tu nisiuone uso wake. Hospitalini wakasema mtulinga umevunjika, mkono ukafungwa shingoni, na kahawa yake ndiyo kwanza inaiva.

Alipotoka tulikwenda mimi na mke wangu kuomba radhi. Alitupokea vizuri, akatukaribisha kuketi, akauliza habari za nyumbani. Lakini kikapu cha kahawa ya kutafuna, ambacho kwetu mgeni yeyote hupewa hata akiwa mpita njia, kilibaki juu ya rafu. Nilikiona, na yeye aliona kwamba nimekiona. Tulikaa kadiri ya adabu, tukaaga midomo mikavu. Njiani mke wangu alilia.

Hapo nikaanguka kweli. Fimbo nilizitupa darini. Kanisani nilikaa nyuma, nikatoka kabla ya watu kusalimiana. Misibani nilichelewa makusudi. Rubisi, ile pombe yetu ya ndizi, nilikuwa naionja tu kwenye sherehe. Sasa ikawa inanipokea kila mchana. Mtu wa nyumbani akiamua kujificha hana kazi kubwa, kwa sababu hakuna anayeshangaa kutomwona.

Aliyenitoa ni mke wangu. Alinipa kikapu asubuhi moja akasema, "Kahawa ya mwenzio inaanguka chini, na wewe mikono yako yote mizima."

Nikaenda kuchuma bila kuitwa. Mama yule alikaa mlangoni ananitazama. Siku za kwanza hakunisemesha. Halafu akachungulia kikapuni mwangu akasema, "Umechuma na mbichi. Unakimbilia wapi?" Nikazitoa mbichi, nikaanza kuchagua nyekundu peke yake, moja moja. Kazi ikaenda polepole. Nikarudi kesho yake, na siku zilizofuata, mpaka mibuni ikaisha.

Siku mkono ulipofunguliwa nilikuwa naigeuza kahawa jamvini. Nikamwambia namshukuru Mungu kwamba amepona. Akanikatiza. "Mfupa umeunga. Lakini rweya siendi tena. Nikiinama, nasikia kitu kinakuja mgongoni. Nageuka, hakuna. Nainama, nageuka. Migomba yangu iko tupu chini, huoni?"

"Nifanye nini, mama?"

"Unaniuliza mimi? Mimi ndiye niliyepiga?"

Ndugu zangu, hapo ndipo nilipoelewa nilichovunja. Mfupa wenyewe ulikuwa umeunga, lakini kwenye uwanda alikokata nyasi tangu ujana wake nilikuwa nimemfukuza, na bila nyasi kibanja chake kingekufa mbele ya macho yake.

Nilikuwa nimeapa kuacha gofu. Lakini hata ningeacha, hofu yake isingeondoka. Alihitaji kuona mpira unaokwenda unakoambiwa. Nikamwendea mstaafu, nikamwomba anifundishe upya. Akachukua fimbo yangu ndefu, akaificha. Akanipa fupi. "Mikono isipande juu ya kiuno," akasema. "Kabla hujapiga, taja mahali. Ukishindwa kutaja, usipige." Na mimi nikajiongezea sheria yangu: napanda kilimani, naangalia, naita, nasubiri kujibiwa. Kisha napiga.

Wenzangu walifurahi sana. "Bunduki imekuwa manati," alisema mmoja. Mwingine akaniuliza, "Unacheza au unamrushia kuku mahindi?" Na kweli ilifanana. Miezi ilipita. Nilikuwa nataja pale kwenye kichuguu, mpira unaangukia kichuguuni. Akina mama bado walikata nyasi mbali, wakizunguka njia ndefu kwa ajili yangu.

Nikamwomba mama aje atazame. Nilidhani atakataa. Alikuja, akaweka kikapu chake kwenye mteremko, akarudi kusimama karibu nami. "Piga."

Mpira ukaishia nusu ya njia.

"Tena."

Wa pili uligusa ubavu wa kikapu ukatulia. Hakunisifu. Alikwenda akakichukua kikapu, akaenda zake. Lakini juma lile tulipopita kwake, kikapu kingine, kile cha rafuni, kilishuka. Akampa mke wangu kahawa kwanza, kisha akanipa mimi. Nilitafuna huku nimeinamisha kichwa, maana macho yalikuwa hayafai kuonyeshwa.

Baadaye walikuja wageni kutoka Bakoba kushindana nasi. Nilifika kopo la mwisho nikiwa sawa na mgeni mmoja, mtu mwenye mabega. Yeye alipitisha mpira ubavuni mwa kilima, mbali na akina mama, akafika karibu na kopo kwa pigo moja. Wenzangu, wale wale wa manati, wakaanza kunong'ona nichukue ndefu. Nikapanda kilimani kuangalia. Mama yule alikuwa bondeni anakata nyasi. Nikaita. Akainuka, akasema, "Nimekusikia," akainama tena, mgongo kwangu.

Nikapiga fupi. Nikapiga fupi tena. Nilishindwa kwa pigo moja.

Mgeni akaniambia, "Mzee, ungepiga kwa nguvu ungeshinda."

"Najua," nikamwambia. Nilikuwa natazama bondeni. Mundu ulikuwa unakwenda bila kusimama, na hakugeuka hata mara moja.

Namshukuru mke wangu kwa kikapu na kwa ulimi wake. Nawashukuru waliobeba machela, na mstaafu aliyenifichia fimbo. Hadi leo sijui iko wapi na sijauliza. Ninyi ambao hamjawahi kushika fimbo ya gofu, msidhani mmepona. Kuna anayepeleka maneno mbali asijue yanaangukia kwa nani. Kuna anayemsukuma mwanawe mbali kwa sifa zake mwenyewe. Nawasihi, tajeni mahali kwanza. Mkishindwa kutaja, shusheni mikono.

Asubuhi hii, kabla sijaondoka, nilipita kwa mama yule kumwomba ruhusa ya kusimulia haya. Alikuwa anatandaza nyasi chini ya migomba. Hakusimamisha kazi. Akasema, "Kawaambie. Ila usiwadanganye kwamba nimepona. Mvua ikinyesha bega linauma, na likiuma nakutaja wewe, gofu siitaji."