Friza la Orest na Bei ya Duka la Jirani

Kijiwe chetu ni benchi refu ndani ya jengo la maduka, kaskazini mwa Winnipeg, kati ya kibanda cha kahawa na mlango wa vioo unaotazama maegesho. Wazee wa hapa huja asubuhi kutembea humo ndani, maana barafu ya nje haina adabu kwa mtu mwenye nyonga ya chuma. Tunazunguka mara moja kumridhisha daktari, halafu tunakaa. Tuko wanne. Orest Hryniuk ni shemeji yangu, mdogo wa marehemu mume wangu. Tunamwita Risiti kwa sababu anatunza risiti zote za maisha yake, hata ya jeneza la kaka yake, na bado hunikumbusha kwamba lilipunguzwa bei. Abram Wiebe ni Wakili. Kazi yake ilikuwa kuendesha basi, lakini mwaka fulani aliitwa mahakamani kukaa na wazee wa baraza, na tangu siku hiyo hajashuka. Erlinda Macaraeg ni Redio, na hazimwi. Mimi ni Stefa. Jina la kijiweni ninalo pia, ila wanalitaja nikienda chooni.

Asubuhi hiyo Orest alikuja na uso wa mtu aliyefukuzwa kwake.

— Wamekataa tena, akasema, akajitupa kwenye benchi.

— Nani hao? Redio akauliza, kama vile hajui.

— Duka jekundu, nani mwingine! Wenyewe wamebandika bango mlangoni, herufi kubwa hata kipofu anasoma: ukiona bei ndogo kwingine, tutakupa hiyo hiyo. Haya, nimeiona. Duka la buluu, hapo ng'ambo ya maegesho, friza lile lile, dola arobaini chini. Nimewaonyesha kwenye simu. Wakasema simu hawaitaki, nilete karatasi ya matangazo.

— Hiyo ilikuwa juzi, shemeji.

— Juzi, ndiyo. Jana nikaleta karatasi. Wakasema friza la kule lina herufi W mwishoni mwa namba yake, la kwao lina K. Eti si friza moja!

— Na leo?

— Leo msimamizi ndiye mwenye ruhusa, na msimamizi yuko Gimli, kule ziwani, anavua samaki kwenye barafu.

Nisikufiche kitu, msomaji. Hilo friza halikuwa mchezo. La zamani lilikata roho katikati ya Februari, na Orest hakushtuka, kwani Februari ya kwetu ni friza tosha. Aliihamishia nyama yake yote nje, kwenye baraza la nyuma: nusu nzima ya dume la paa mkubwa wa misitu ya kwetu, mwenye pembe kama makoleo, ambaye Orest alimpiga risasi msimu uliopita. Kando ya nyama kulikuwa na maboksi ya pirogi, vile vitumbua vya unga vya kuchemsha, vyenye viazi ndani, vinavyoliwa na krimu, na hizo pirogi ni zangu. Nilizikunja kwa vidole hivi hivi unavyoniona navyo, kwa ajili ya sherehe ya kumchangia harusi mjukuu wetu Larysa. Ukumbi umeshalipiwa, tiketi zimeuzwa mtaa mzima, na watu wa mtaa huu hawanunui tiketi kwa ajili ya muziki. Sasa tumeingia Machi, na mtabiri wa hali ya hewa ametangaza kwamba kesho jua litawaka na barafu itaanza kuyeyuka.

— Shemeji, nikamwambia, pirogi zangu zikilainika, wewe ndiye utakayesimama mlangoni mwa ukumbi kuwaeleza wageni habari za W na K.

— Hazitalainika. Ni suala la msimamo.

— Msimamo hauliwi na krimu.

Wakili akakohoa. Akikohoa hivyo ujue mahakama imekaa.

— Tulieni. Hapa tatizo ni herufi. Mimi nawaambia, kiwanda ni kimoja, mashine moja, bati moja. Friza likifika mwisho wa mstari, yupo mtu kakaa na mihuri miwili. Hili W, hili K, hili W, hili K. Kazi yake ni hiyo tu mpaka anastaafu. Ndiyo maana kila duka linaahidi kulinganisha bei. Wanajua hakuna friza litakalofanana na lenzake!

— We Abram umemwona huyo mtu? nikamuuliza.

— Binamu yangu kule Steinbach alinunua godoro, yakamkuta hayo hayo.

— Godoro lina uhusiano gani na friza?

— Vyote viwili unalazia nyama.

Hapo hata mimi nilicheka, na mimi kucheka kabla kahawa haijashuka ni shida.

Redio akasogea mbele. Yeye alifanya kazi ya kushona makoti kiwandani miaka mingi, na kelele za zile mashine zimemwachia sauti ya kuita mtu kutoka ng'ambo ya mto.

— Herufi si kitu, ndugu zangu. Ni kamera! Yule binti wa kaunta wanamtazama kutoka chumba cha nyuma. Akikubali bei ya jirani mara moja, wanamwonya. Mara ya pili, wanamhamishia kwenye rafu za balbu. Mmewahi kumwona mtu wa balbu akitabasamu?

— Kweli, yule wa balbu ana huzuni, Orest akakubali.

— Umeona! Alikuwa wa mafriza yule!

— Erlinda, acha bwana, Wakili akasema. Mimi nina jambo kubwa zaidi. Duka jekundu na duka la buluu ni ya mtu mmoja.

— Toka hapa!

— Mtu mmoja! Asubuhi anakunywa chai, mkono huu kashika duka jekundu, mkono huu la buluu. Anakupandishia huku, anakushushia kule, ili utembee. Ukitembea unachoka. Ukichoka unanunua chochote kilicho karibu.

— Basi ndiyo maana na maegesho yameachwa na barafu, Redio akadakia. Ili tusivuke!

— Sasa unaelewa.

Orest alikuwa anawasikiliza kama mgonjwa anayesikiliza waganga wawili. Akavua kofia, akaishika.

— Mimi nadhani ni sura yangu, akasema polepole. Wameizoea. Nikiingia tu, binti anaangalia chini. Labda aende mtu mwingine. Stefa, hebu nenda wewe.

— Nilikwenda nawe jana, umesahau? Nilimwambia yule binti, mwanangu, soma bango lenu kwa sauti. Akalisoma. Nikamwambia, sasa lifanye. Akasema, bibi, chini kuna maandishi madogo. Nikamwambia nitolee nje hayo maandishi yakue kwanza, ndipo tuongee.

— Na akasema nini? Redio akauliza.

— Alicheka. Kisha akasema ni lazima friza liwepo kule dukani, si kwenye tangazo tu. Akapiga simu duka la buluu mbele yetu. Wakajibu, yapo, yamejaa, tunajikwaa nayo.

— Kwa hiyo tulishinda! Orest akaruka, kama vile hakuwepo.

— Ndipo likaja la W na K.

Akakaa tena. Nikamhurumia kidogo, si sana. Mtu wa mji huu ukimsifu koti lake hasemi asante, anakutajia alilipata kwa bei gani. Orest huyu kwenye msiba wa kaka yake alimwambia padre bei ya viatu alivyovaa. Kumnyima dola arobaini alizoahidiwa kwa bango ni kumvua nguo mbele ya watu.

— Si hela, shemeji, akaniambia kwa sauti ya chini. Hela ninazo. Walisema watatoa. Mtu akisema, afanye.

— Nyama yako haijali nani alisema nini.

— Twendeni wote wanne, Redio akasema. Tukae kwenye mafriza yao. Mimi nitaimba.

— Huo ni uvamizi kisheria, Wakili akasema, ila ukiimba vizuri unapunguziwa adhabu.

— Tumsubiri msimamizi arudi, akasema Orest. Samaki hawezi kukaa nao siku zote.

— Au tumfuate Gimli! Redio akapiga kofi. Tumkute kwenye shimo lake la barafu, tumwambie, tia sahihi hapa, la sivyo ndoo ya samaki inaondoka.

— Nani ataendesha?

— Abram, si alikuwa dereva!

— Bila basi mimi sijiamini, akasema Wakili.

Wakati huo alikuwa amesimama mbele yetu mama mmoja wa makamo, koti la kijani, kikombe mkononi. Simfahamu. Akatuuliza kwa adabu kama pembeni ya benchi kuna mtu. Tukasogea akae. Akajitambulisha, Corinne, amehamia wiki hii kutoka Regina kukaa karibu na dada yake. Akaomba radhi kwamba amesikia maneno yetu, na nani asingesikia, Redio akiwepo. Tukamweleza upya yote: friza, bango, W na K, Gimli, sherehe, jua la kesho. Alisikiliza bila kukatiza, akanywa kahawa yake, akageuka akatazama kupitia vioo, ng'ambo ya maegesho.

— Samahani, mzee, akamwambia Orest. Kwani kwa nini usilinunue pale pale kwenye bei ndogo?

Redio alifungua mdomo, ukabaki wazi, hakuna kilichotoka. Nilikuwa sijaona jambo kama hilo tangu nimjue.

— Kisheria... Wakili akaanza, akainama kufunga kamba ya kiatu.

Mimi nilichungulia ndani ya kikombe changu. Siku tatu nimekuwa nikimtukana shemeji yangu, na hilo swali halikupita hata kando ya kichwa changu. Nami pia nimezaliwa mji huu.

Orest akavaa kofia. Akafunga vifungo vya koti kimoja kimoja, bila kumtazama mtu, akatoka. Tulimwangalia akivuka maegesho kwa hatua za bata, akanyanyua mkono kuwazuia magari, akafika kwenye mlango wa duka la buluu. Hapo akasimama. Kulikuwa na kitu kimebandikwa kwenye kioo. Akakisogelea, akakisoma. Akavua glovu, akatoa simu.

— Mbona haingii? Corinne akauliza.

— Na wao wanalinganisha bei, nikamwambia. Anatafuta duka la tatu.

Nikanyanyuka, nikavaa koti. Hilo friza nitalinunua mimi, kwa bei iliyoandikwa, liletwe kabla ya jua. Pirogi zikishaingia, nafasi itakayobaki ni ya Orest.