Kitenge Kilichokosa Jina

Wasikilizaji wapendwa, kama leo umepita Soko Kuu hapa Lomé, umekuta vibanda vya vitenge vimefungwa. Vyote, isipokuwa kimoja. Usimkasirikie mwenye hicho kimoja, nitakueleza. Mama Dopé Amégan ametutoka. Mama Dopé, yule aliyevipa vitenge vyetu majina.

Tunajuana sisi. Kitenge bila jina hakitoki dukani. Mama Dopé alikuwa akikitandaza, anakizunguka, anakinusa ile nta ya uchapaji, kisha anatamka: "Hiki ni Mke Mwenza Kanuna." Kufika jioni mji mzima unakitaka. Marehemu mama yangu alikuwa nacho, na mke mwenza hakuwa naye. Siku zile zilikuwa na raha yake, jamani.

Lakini siku zile pia sheria ilimruhusu mume kumkataza mkewe kufanya biashara. Narudia, kwa ajili ya vijana: mume akisema hapana, duka linafungwa. Ndiyo yaliyomkuta Kayissan, mdogo wake Mama Dopé, aliyeuza vitenge kibanda cha jirani. Mumewe alikuja na kufuli, akafunga, akaondoka na ufunguo.

Bibi Kayissan alituambia jana: "Dada hakulia. Alisema, 'Nenda kapumzike, mdogo wangu. Hilo kufuli niachie mimi.'"

Sasa, mwaka ule wizara ilichapisha kitenge cha Siku ya Wanawake. Cha buluu, chenye maua ya manjano, kizuri hasa. Kosa lao, walikipa jina wenyewe: Mwanamke Nguzo ya Maendeleo. Kikadoda. Afisa mmoja akatumwa sokoni kwa Mama Dopé.

"Mama, tusaidie jina."

"Jina ninalo, mwanangu."

"Basi litaje."

"Nitalitaja hicho kibanda cha pembeni kikifunguliwa."

"Mama, hiyo ni sheria. Mimi nimekuja kwa ajili ya kitenge."

"Mnatuita nguzo, halafu mnaacha tufungiwe kama kuku. Keti ule ugali wa akume, baba. Utasubiri sana."

Alisubiri kweli. Mama Dopé alitishiwa kunyang'anywa leseni ya kuingiza vitenge, na leseni ndiyo iliyomlisha yeye na wanawe. Hakutaja jina. Na wauzaji wenzake wote hawakukipa jina lingine. Kila mwaka walikwenda bungeni kudai sheria ibadilishwe, yeye mbele, amevaa nguo nyeupe isiyo na ua hata moja.

Miaka ikapita. Sheria ikabadilishwa. Ufunguo haukuonekana, fundi akalivunja kufuli kwa nyundo. Nilikuwepo. Mama Dopé akakitandaza kile cha buluu mbele ya kibanda, akatamka: "Kayissan Kafungua." Wiki haikuisha, hakikubaki hata kipande.

Kwa familia ya Amégan, poleni sana. Maziko ni Jumamosi, na familia inaomba tuvae kile cha buluu. Nawe msikilizaji, leo ukifungua duka lako bila kumwomba mtu ruhusa, mkumbuke aliyekataa kutaja jina.

Kile kibanda kilicho wazi ni cha Bibi Kayissan. Asubuhi nilimuuliza, bibi, hata leo msibani? Akanitazama, macho mekundu.

"Nikifunga, dada atauliza ni nani kanifungia tena."