Kiti cha Mwalimu Adongo Kiko Mbele

Baada ya miaka thelathini na minne ya kumeza vumbi la chaki, Mwalimu Dorca Adongo anastaafu Ijumaa hii, tarehe 28 Novemba 2025, kengele ya mchana itakapolia. Anayeandika ni Opondo wa jikoni. Ndiyo, jikoni. Kidato cha pili nilimaliza, cha tatu bado kinanitafuta. Lakini msicheke mapema.

Wasifu wa kwanza wa kusomwa kwenye sherehe ya kumuaga uliandikwa na naibu wa mwalimu mkuu, Bwana Ondiek, mtu wa shahada mbili na tai tatu. Ulisema hivi: Mwalimu Adongo alizaliwa. Alisoma. Aliajiriwa. Alifundisha Kiswahili. Amestaafu. Duka la uchapishaji pale mjini, ambalo wiki nzima huchapisha programu za mazishi, likamwekea mshumaa pembeni mwa picha bila kuulizwa na mtu. Mwalimu aliusoma akiwa amesimama mlangoni pa jiko, akapangusa miwani, akauliza, "Na mwili unafika saa ngapi?"

Tulicheka mpaka ugali ukashika sufuria. Yeye hakucheka sana. Alisema kama hiyo ndiyo itakayosomwa, Ijumaa atakuwa kwake Pap Onditi na kuku wake, nasi tuizike hiyo karatasi wenyewe. Na Mwalimu huyu akishasema, amesema. Walimu wakatazamana. Mimi nikainua mwiko, nikasema nitauandika mimi. Darasa lake limepakana na jiko langu. Miaka tisa maneno yake yamekuwa yakiingia kwangu kupitia dirisha lile lile linalompelekea moshi wangu. Hatudaiani.

Alianzia kazi Muhoroni, msimu ambao matrekta ya miwa yalipita kando ya darasa kutwa. Trekta likija, hakuna aliyemsikia mwenzake, kwa hiyo Mwalimu akaacha kushindana nalo. Aliwaambia watoto wangoje lipite, kisha waandike nini kilikuwa kikitokea wakati linapita. Mmoja akaandika kwamba trekta lilipokuwa likipita, mbwa wa jirani alibweka kwa nguvu zake zote na hakuna aliyejua. Mwalimu anaikumbuka sentensi hiyo hadi leo. Akiisema, huangalia mbali kidogo, kama anayemtafuta yule mbwa.

Alipohamia hapa Nyalenda alikuta wanafunzi wanaandika kwa kukatakata. Niliamka. Nikaoga. Nikaenda. Akawaambia, "Wanangu, sentensi zenu ni omena, dagaa wa ziwani walioanikwa. Kila mmoja amelala kivyake, kavu, hamjui jirani." Basi akawafundisha vishazi vielezi: vile vipande vinavyosema lini, wapi, kwa nini, na ingawa nini. Jinsi ya kuviunga kama mchuzi, nadhani aliipata kwangu, ingawa yeye husema nilichelewa kuzaliwa.

Kipindi chake kilikuwa baada ya chakula, saa ile joto linapokaa juu ya mabati na ziwa linanyamaza kana kwamba nalo limeshiba. Mwalimu mwingine angepiga meza. Yeye alisema, "Fungeni macho. Sikilizeni mpaka mambo mawili yakutane." Darasa lote likafumba macho. Mkokoteni wa maji ulipita, gurudumu likilia. Upepo ulileta harufu ya magugu maji. Mahali fulani mama alimwita mtoto ambaye hakuitika. Hata mimi, mwiko mkononi, nilikuwa nikisahau ninapika nini. Mkila githeri yangu ya mahindi na maharagwe yenye ladha ya ndoto, sasa mnajua.

Siku moja kijana mmoja, Sam, alilala kweli, mpaka akakoroma. Wenzake wakangoja aadhibiwe. Mwalimu akamngoja aamke, akampa kalamu. Sam akaandika: Nilipokuwa nimelala, ziwa liliingia darasani polepole, likaketi dawati la nyuma, kwa sababu liliogopa kuulizwa swali. Mwalimu aliisoma mara mbili, akatazama dawati la nyuma. Wallahi nami nilichungulia dirishani kuhakikisha kuwa sakafu ni kavu.

Lakini niwaambie ya mwanafunzi wake Debra. Bibi yake, aliyemlea, alifariki, na shule ikanituma Nyakach na sufuria kubwa. Ami yake alikuwa na karatasi: Alizaliwa. Aliolewa. Aliugua. Wazee walikuwa wakiulizana kama nyama imeiva. Ndipo Debra akaomba kuongeza kidogo. Akasema, akimwita bibi yake kwa Kiluo, "Dani alipokuwa akifagia boma, aliacha kona moja kila asubuhi, kwa sababu kuku mmoja mzee alipenda kulala pale." Watu wote waligeuka kuangalia ile kona, na kona ilikuwapo, haijafagiliwa. Mwalimu Adongo alikuwa ameketi nyuma, midomo ikifuata kila neno. Ami mtu akasema, "Endelea, nyar Dani, binti wa bibi, endelea." Nyama yangu iliungua kidogo, na hakuna aliyelalamika.

Ndiyo maana Mwalimu alikataa ule wasifu wa mshumaa. Hakukasirikia mshumaa. Anajua mtu anavyopotea akikatwakatwa, na amekuwa akituokota vipande miaka yote hii.

Sasa, wewe uliyeketi kwenye hema ukisoma haya, inua macho. Kile kiti cha mbele chenye kitambaa cha buluu ni chake. Akiwa amekikalia, mjue Opondo ameweza, na Bwana Ondiek aje anishike mkono mbele ya watu. Kikiwa bado kitupu, msianze maombi. Huenda amesimama langoni na nakala yake, kwa maana hajawahi kuingia mahali kabla ya kumaliza sentensi.

Mwalimu, ahsante kwa kutuunga. Popote utakapokuwa umeketi jioni zako, upepo wa ziwa ukikufikia na kuku wako wakiwa wametulia, tunakutakia siku ndefu zinazoshikana mikono, na mbwa akibweka, umsikie.

Ingia basi, Mwalimu, kabla ugali haujapoa.