Umri wa Mlipaji: Kumuaga Papa Octave Mukalay

Ijumaa tarehe 29 Machi 2019, Papa Octave Mukalay anastaafu baada ya kuitumikia taasisi yetu kwa miaka ishirini na sita. Kwa sehemu kubwa ya miaka hiyo ameongoza Kitengo cha Gharama za Mwisho, kilicho ghorofa ya nne hapa Marshalltown, Johannesburg, upande ambao lifti haifiki. Ndiye pia aliyelianzisha jarida hili kwa Kiswahili, katika ofisi ambayo kila ripoti hutoka kwa Kiingereza, ili Wakongo, Warundi na Watanzania waliomo humu wawe na mahali pa kutaniana bila kamusi. Basi tunamuaga kwa lugha hiyo.

Kwa wasomaji wapya, naeleza kazi yenyewe. Kituo cha umeme wa nyuklia huuza umeme kwa miaka arobaini hivi, halafu huzimwa. Hapo ndipo gharama zake nzito huanza. Mafuta yaliyotumika hupozwa na kulindwa, kuta zenye mionzi hubomolewa kipande kwa kipande, ardhi husafishwa. Kazi hiyo inaweza kuchukua miaka mingi kuliko ile ya kuuza umeme, na wakati wote huo kituo hakiingizi hata randi moja. Kitengo chetu hukadiria gharama hizo na kumshauri mteja wetu mkubwa, ambaye kwa mujibu wa mkataba simtaji, jinsi ya kuzilipa. Ushauri wa Papa Octave haukubadilika: kata kiasi kidogo katika kila bili ya umeme sasa, wakati mitambo inazunguka, ukiweke katika akaunti ya pekee ambayo mkurugenzi hawezi kuigusa, wala waziri. Alitaka kuiona akaunti hiyo ikifunguliwa kabla hajastaafu. Haikufunguliwa.

Alizaliwa Likasi, katika nyumba za wafanyakazi wa migodi, na akasomea uhasibu Lubumbashi. Alifika Johannesburg mwaka 1993 akiwa na sanduku moja na mke wake, Mama Clémentine, wakapanga chumba La Rochelle, kusini mwa jiji. Hadi leo wanaishi mtaa uleule, ingawa sasa nyumba ni yao. Aliingia hapa kama karani wa takwimu za maji. Alipohamishiwa hesabu za kituo cha nyuklia, wenzake walimpa pole, kwa sababu meza hiyo ilikuwa ya watu waliokorofishana na mkurugenzi wa wakati ule. Yeye alishukuru. Alisema amekulia kando ya mashimo ambayo wenyewe walikwisha ondoka, na angependa kukutana na mwenye shimo angalau mara moja kabla hajaondoka.

Kila aliyeajiriwa katika kitengo anaikumbuka siku yake ya kwanza, maana Papa Octave hakuianzia ofisini. Mimi nilianza mwaka 2015. Nilivaa viatu vipya vyenye kisigino, nikiwa na shahada yangu ndani ya bahasha, nikaambiwa nimfuate. Tulipanda teksi hadi kusini, tukashuka nyuma ya La Rochelle, mbele ya lundo la manjano la mchanga wa mgodi, refu kama jengo letu. Kampuni iliyochimba ilikwisha kufa kabla baba yangu hajazaliwa. Papa Octave alisimama akiwa amefunga tai yake na mikono mgongoni.

"Epiphanie, ripoti ni hii," akasema. "Zile za kule ofisini ni maelezo tu."

Kisha alinipeleka kwake kunywa chai. Ilikuwa Agosti, mwezi wa upepo, na Mama Clémentine alikuwa akifuta vumbi la manjano kwenye kizingiti cha dirisha. Hulifuta asubuhi, hulifuta tena jioni, Agosti nzima, kila mwaka. Nilimuuliza kwa uanafunzi wangu kama hakuna mfuko wowote wa kusafisha lundo lile. Aliinua kitambaa alichoshika, akakikung'uta mbele yangu.

"Mfuko ya kusafisha ni hii, mwanangu. Na mwenye anauchunga ni miye."

Papa Octave alicheka hadi akavua miwani. Nami nilicheka. Nilidhani ni mzaha tu.

Wenzetu watakumbuka pia ziara ya mwaka 2016, tulipotembezwa katika kituo cha nyuklia cha mteja. Tulivalishwa makoti meupe na vipima mionzi vifuani, na mhandisi kijana akatueleza jinsi mafuta yaliyotumika yatakavyolindwa kwa miaka themanini. Alipouliza kama kuna swali, Papa Octave alinyoosha mkono na kuuliza choo cha walinzi kitakuwa upande gani. Mhandisi alidhani mzee amebanwa, akampeleka haraka chooni. Papa Octave aliingia, akanawa mikono, akarudi, akauliza tena. Miaka themanini ya walinzi ni miaka themanini ya vyoo, ya rangi ya uzio, ya mbwa na wa kuwalisha mbwa. Hakuna aliyekuwa amevihesabu. Makadirio ya mwaka ule yalipotoka, vyoo vilikuwamo, na Thierry, mchambuzi wetu, alimpa jina la Mheshimiwa Waziri wa Vyoo, ambalo mzee alilipokea kwa kuinamisha kichwa kama mtu anayeapishwa.

Lakini maneno yake yanayojulikana zaidi ni yale aliyoyasema katika kila kikao. Mtu akishataja gharama yoyote ya mbele, Papa Octave huweka kalamu mezani na kuuliza: "Mwenye atalipa, iko na myaka ngapi leo?" Swali hilo lilihamia jikoni kwetu. Mtu akikopa sukari, anaulizwa umri wa mlipaji. Thierry akisema atarudisha chaja kesho, chumba kizima kinaitikia. Denise wa masijala alimwekea keki ya miaka sitini yenye maneno hayo juu, kwa krimu ya bluu. Kwenye vikao, hata hivyo, lilibaki kuwa swali la kweli. Ukikosa jibu, alikurudishia karatasi zako.

Wasifu wa namna hii hupaswa kutaja mafanikio, nami nimeyatafuta. Mwaka 2017 rasimu ya kanuni ilichukua sentensi yake nzima, isemayo kuwa mzalishaji ataweka fedha za kuzima kituo katika akaunti tofauti. Tulinunua soda. Rasimu iliyofuata ilirudi na sentensi ileile, imeongezwa "kadiri itakavyowezekana". Papa Octave aliisoma akiwa amesimama, akaenda kumalizia soda yake ya wiki iliyopita, iliyokwisha kuisha gesi. Mteja alitueleza kwa heshima kwamba fedha zipo, zimeandikwa kwenye vitabu vyake kama akiba. Zilikuwa zimeandikwa kweli. Zilikuwa pia zimetumika, kwa makaa ya mawe, kwa mishahara, kwa riba ya madeni mengine, na kilichobaki vitabuni ni tarakimu.

Kikao chake cha mwisho kilikuwa wiki iliyopita, katikati ya siku za umeme kukatwa. Robot zote, yaani taa za barabarani, kuanzia hapa hadi Sandton zilikuwa zimezimika, na Thierry, aliyekuwa akiendesha, alitutukania madereva kwa lugha nne. Katika ukumbi wa mteja jenereta ilinguruma chini ya madirisha. Pendekezo mezani lilikuwa kuiongezea mitambo miwili mikongwe ya nyuklia, iliyobakiwa na miaka kama sita, miaka ishirini zaidi ya kufanya kazi. Ukutani waliweka jedwali linaloonyesha kwamba kwa kufanya hivyo gharama ya kuizima inapungua kwa zaidi ya nusu. Hakuna ukuta uliopungua wala pipa la taka. Hesabu yenyewe ni halali, sote tumefundishwa hivyo chuoni: randi ya mbali ni nyepesi kuliko ya leo, na ukiisukuma mbali vya kutosha inakaribia kukosa uzito. Kwa kuwa gharama imekuwa nyepesi, walisema, akaunti ya pekee haina haraka tena.

Mwenyekiti wao ni kijana mpole. Alikuwa na macho mekundu ya kutolala. "Mzee," alimwambia, "nchi nzima iko gizani. Leo unataka nizungumzie kuzima?"

Papa Octave aliweka kalamu mezani. Aliuliza swali lake, kwa Kiingereza safari hii, polepole.

"Hajazaliwa, mzee," mwenyekiti akajibu. "Hawezi hata kutupigia simu kulalamika."

Ukumbi ulicheka. Ulikuwa mzaha mzuri, uliosemwa bila ubaya na mtu aliyechoka. Thierry alicheka pia, kisha akaangalia viatu vyake. Kwa miaka minne nilikuwa nimemwona Papa Octave akijibiwa kwa namna nyingi, na kila mara alikuwa na la kuongeza. Nilimsubiri. Alisema, "Basi, sawa," akaichukua kalamu na kuirudisha mfukoni. Pendekezo lilipita kabla ya chakula cha mchana.

Ndani ya gari, kwenye mataa yaliyokufa ya Marlboro, palepale barabara inapoachana na ile ya kwenda Alexandra, Thierry alijaribu kumtia moyo. "Papa, tutarudi mwezi wa sita. Watafungua tena faili."

"Mutarudia ninyi," Papa Octave akasema. "Miye hapana."

Hakusema kwa hasira. Mtu mmoja asiye na kazi, aliyevaa koti la njano lililochakaa, alikuwa akiongoza magari katikati ya njia panda kwa hiari yake. Papa Octave alishusha kioo, akampa sarafu zote alizokuwa nazo.

Jana tulimwandalia chai ukumbini, kwa sababu leo ni siku ya kukabidhi funguo. Kulikuwa na mikate, karanga na keki, na hotuba ya mkurugenzi iliyomtaja kama nguzo. Mama Clémentine alikuja amevaa kikwembe kipya cha kitenge. Héritière wa mapokezi, aliye likizo ya uzazi, alikuja na binti yake, Sagesse, ambaye wengi wetu hatukuwa tumemwona. Mtoto alizungushwa mikononi mwa watu kama kawaida ya watoto, hadi akafika kwa mstaafu. Papa Octave alimpakata, akamsogeza karibu na miwani, akamgeukia mama yake na kuuliza kile ambacho kila mzee humwuliza kila mzazi.

"Mama, huyu iko na myezi ngapi leo?"

"Nne, Papa," akasema Héritière. "Kesho kutwa anatimiza."

Denise alikuwa amefungua mdomo tayari kwa mzaha, akaufunga. Kwa ratiba iliyopitishwa wiki ile, kazi ya kubomoa itaanza Sagesse akiwa na miaka ishirini na sita, na itakuwa haijakwisha atakapostaafu. Nadhani Papa Octave alilisikia swali lake baada tu ya kulisema, maana alimwegemeza mtoto begani haraka, na mtoto akacheua maziwa hapohapo. Mama Clémentine alitoa kitambaa akamfuta mumewe, halafu akamfuta mtoto kidevu. Safari hii hakusema kwamba ule ndio mfuko wa kusafisha.

Kuanzia Aprili kitengo kinaunganishwa na idara ya bei za umeme, na nafasi ya Papa Octave haitajazwa. Hakutakuwa na mwajiriwa mpya wa kupelekwa kuliona lundo. Sijui nimalizie vipi aya hii, na yeye alinifundisha kutoandika ninalolijua nusu.

Papa Octave, tunakushukuru kwa vyoo vya walinzi, kwa jarida hili, kwa kuturudishia karatasi zetu, na kwa kutupeleka kusini siku ya kwanza kabla hatujajifunza kutotazama upande ule. Unakwenda kupumzika nyumbani, La Rochelle, chini ya lundo ambalo bado halina mwenyewe. Tunakutakia wewe na Mama Clémentine afya njema, wageni wengi, na Agosti zisizo na upepo.

Epiphanie Niyonzima
Kitengo cha Gharama za Mwisho