Mzee Mutembei na Folda Iliyojaza Kompyuta

Mzee Joel Mutembei anastaafu tarehe 30 Juni 1999, baada ya miaka thelathini na mmoja katika kituo chetu cha miche hapa Nkubu. Jameni, miaka thelathini na mmoja na hajapoteza hata barua moja!

Aliajiriwa kama tarishi mwaka 1968, akitokea kwao Kiirua, akapanda hadi kuwa msimamizi wa chumba cha faili. Sote tunamjua kwa rula yake. Kila Desemba hupima rafu, idara kwa idara, na ole wake anayezidisha inchi alizogawiwa. Idara ya kahawa iliwahi kuzidisha inchi nne. Mkuu wake alipokuja kulalamika, Mzee alimkabidhi katoni tupu na kumwambia aanze kupunguza.

Kompyuta ilipoletwa mwaka 1997, tulidhani atakaa mbali nayo. Kumbe hatukumjua.

Septemba mwaka huo mashine ilikataa kuhifadhi hata barua ya mistari miwili. Diski imejaa! Nasi tulikuwa tumeambiwa ingetosha miaka kumi. Meneja wa wakati huo hakuuliza mtu. Alitangaza kwamba Kathure, mpiga chapa wetu, ameijaza gemu, akamwamuru aende nyumbani angoje barua ya kufutwa kazi Jumatatu. Kathure, mama wa watoto watatu, alitoka akilia mbele yetu sote.

Mzee Mutembei alimwambia meneja waziwazi kwamba rafu hupimwa kwanza ndipo mtu alaumiwe. Aliazima kitabu cha maelekezo, akaketi, akaanza kubofya folda moja moja kwa kitufe cha kulia cha mausi mpaka ukubwa wake uonekane, huku akiandika. Folda ya Kathure ilikuwa na megabaiti moja, na humo hamkuwa na gemu wala nini, ni ratiba za kazi na nyimbo za kwaya. Folda ya BARUA, tuliyoitumia sote: megabaiti mia tatu themanini na nne! Mzee alivua miwani, akaifuta, akapima tena. Mia tatu themanini na nne, katika diski ya mia tano, na zilizobaki zimeliwa na programu za mashine yenyewe!

Ndani ya BARUA mlikuwa na nakala ya BARUA yote, na ndani ya nakala, nakala nyingine. Mtu fulani alikuwa akinakili kila kitu Ijumaa, eti kwa tahadhari, na kukiweka humo humo. Wiki iliyofuata alinakili tena, pamoja na nakala za nyuma. Megabaiti tatu zikawa sita, sita zikawa kumi na mbili, hivyo hivyo kwa Ijumaa saba.

Kathure alirudi kazini. Meneja alitaka jina la mhusika, lakini Mzee alikataa katakata, akasema aliyefanya ana mdomo wake, atajisemea. Basi uvumi haukuisha. Hadi leo wapo wanaomwita Kathure "Mama Gemu".

Mwezi jana kamati ya kumuaga ilimuuliza Mzee angependa nani aandike wasifu wake. Alinitaja mimi bila kufikiri mara mbili. Nilipokwenda kumshukuru, alinifunulia daftari la waliochukua ufunguo wa chumba cha kompyuta mwaka ule. Ijumaa saba, sahihi saba, zote zangu. Haki ya Mungu, alijua miaka yote hiyo, na kila asubuhi alinisalimia vizuri na kuniuliza watoto wameamkaje!

Ni mimi, Njagi wa idara ya mbegu. Nilikuwa bado kwenye majaribio ya kazi, nikaogopa. Kathure, nilikuona ukilia nikanyamaza. Nisamehe.

Mzee wetu, asante kwa kuningoja. Nenda Kiirua ukapumzike na mkeo, Mama Igoki, na Mungu awape afya na siku nyingi za furaha.

Sasa naupeleka ukurasa huu kwa Kathure auchape.