Kitanda cha Mwenye Kinu

Dada: Haloo? Nani mwenzangu?

Kitinda: Shikamoo dada. Ni mimi, kitinda mimba wenu—

Dada: Marahaba. Namba ya nani hii? Nakupigia tangu asubuhi hupatikani!

Kitinda: Simu yangu imeisha chaji. Hii ya mama mmoja anayetembeza wageni hapa bustanini, kwenye kinu cha kale cha kusagia nafaka kwa nguvu ya maji. Vocha yake ya kubahatisha, kwa hiyo nisikilize. Mmefikia wapi huko kwa mama?

Dada: Sebule tumemaliza. Kabati lake tu limefungwa, ufunguo siuoni, na hawa wapakizi wanataka kuvunja mlango. Wewe mzungushe mama huko, mwonyeshe maua, jioni mlete moja kwa moja kwangu. Chumba chake kiko tayari.

Kitinda: Hatembei tena, dada.

Dada: Ameanguka?!

Kitinda: Hajaanguka. Amekaa— [mkwaruzo] —tandani.

Dada: Wapi? Sikusikii! Mvua hiyo?

Kitinda: Maji ya kinu hayo, gurudumu linazunguka hapa nje. Sasa huku juu kuna chumba alichoishi mwenye kinu na mkewe, zamani hizo. Kimeachwa vilevile: kitanda, birika, hata kofia yake iko msumarini. Kimezungushiwa kamba. Mama kainua kamba, kaingia, kavua viatu, kakaa kitandani.

Dada: [anacheka] Mama huyu jamani!

Kitinda: Usicheke. Haondoki. Nimebembeleza mpaka mdomo umekauka. Anasema, "Wenyewe walishakufa, na hakuna aliyethubutu kuhamisha hata birika lao."

Dada: ...Umemwambia?

Kitinda: Mimi? Haki ya Mungu sijafungua mdomo!

Dada: Maana nakujua wewe, huna siri—

Kitinda: Na wewe huna huruma! Tumemdanganya mama mzazi, dada! Amevaa gauni lake zuri, anadhani anatalii!

Dada: Ulitaka nifanyeje? Jiko aliliacha linawaka akaenda kulala. Majirani ndio waliomtoa kwenye moshi. Wewe ulikuwa wapi? Mimi simu ikilia tu roho inaniruka— [mkwaruzo] ...Haloo?

Kitinda: Nipo. Pole, dada. Najua. — Ngoja, anaitaka simu. Mama, ni—

Mama: Haloo, mwanangu.

Dada: Shikamoo mama! Matembezi yanaendaje?

Mama: Marahaba. Waambie hao watu wasivunje kabati langu. Ufunguo nimekuachia kwenye kikombe cha bluu, dirishani jikoni. Nguo nimeshazikunja.

Dada: ...Mama. Ulijua?

Mama: Umerundika maboksi matupu nyuma ya nyumba, na anayefagia huko ni mimi. Nisijue?

Dada: Nisamehe, mama. Niliogopa utakataa.

Mama: Ningekataa. Ningelia, mngenibembeleza, mwisho ningekubali. Watu ndivyo wanavyohama. Nyie mmeninyima hata kulia.

Dada: [analia]

Mama: Nyamaza basi. Kwako nitakuja, lile jiko limenitisha hata mimi. Ila leo niacheni nikalale kwangu, mara moja tu. Kesho nitafunga mlango kwa mkono wangu. Ukikubali, navaa viatu sasa hivi, huyu mama wa watu apumue.

Dada: Mama...

Mama: Nini?

Dada: Kitanda wameshakifungua. Kiko garini.

Mama: [maji ya kinu yanasikika]

Dada: Mama? Upo? Kinashuka sasa hivi! — Nyie! Nyie, zimeni gari! Shusheni kitanda! Si kabati, kitanda! Ndiyo, chote! — Mama, wanakishusha, nitakifunga mwenyewe, nitakutandikia, na mimi nalala hukohuko na wewe, unanisikia? Mama?

Kitinda: Ni mimi, dada. Amenirudishia simu.

Dada: Amesikia? Anasemaje?

Kitinda: Anavaa viatu. Fanya haraka, vocha inaisha, huyu mwenye simu ananikodolea macho—

Dada: Anasemaje, wewe!

Kitinda: Anasema mkifunge kama kilivyokuwa, hawezi kulala kikigeuzwa. Kichwa kitazame—

Dada: Kitazame wapi? Haloo? ...Haloo? [simu imekatika] Jamani, nani anakumbuka kitanda cha mama kilikuwa kimekaaje?