Josephati, Mtoto wa Sita Kuzikwa Mwaka Huu

Ndugu waombolezaji, mtoto wa umri huu kwa kawaida tunamzika upesi bila kumsomea historia, lakini mama yake, Elizabeti, ameomba isomwe, tena ameomba niisome mimi Nikolaus, baba yake mkubwa, naye anajua kwa nini.

Marehemu Josephati Simoni Gwandu alizaliwa tarehe 14 Machi 1979 hapa Kansay, Wilaya ya Mbulu, akiwa mtoto wa tatu wa mdogo wangu Simoni, akabatizwa Pasaka ya mwaka 1980. Shule hakujaaliwa kuanza, ila alizoea kumfuata dada yake Sara hadi mlangoni mwa darasa, akifukuzwa anarudi, na kazi yake ilikuwa kuchunga ndama wawili, kazi aliyoifanya kwa makelele mengi. Kuoa na kupata watoto, hayo hakuyafikia.

Jumatatu tarehe 17 Oktoba 1983 alianza kuharisha. Nilifika kesho yake kumwona, nikamkuta analilia maji, nami kama mkubwa wa familia nikaagiza asipewe, maana tumelelewa tukiamini kwamba maji huzidisha kuhara. Mama yake alinikumbusha kwamba mwezi wa nane muuguzi Nanyokie wa zahanati alitufundisha kumpa mtoto maji yaliyochemshwa, yenye sukari na chumvi, mafunzo ambayo sisi wanaume tuliyasikiliza kwa mbali tukicheka, nikamjibu kwamba mambo ya kliniki ayaache kliniki. Sukari ilikuwepo, robo kilo ambayo Simoni aliipangia foleni Karatu, na mnajua mwaka huu ilivyoadimika, ikatiwa kwenye chai ya mgeni, na mgeni nilikuwa mimi, nikanywa vikombe viwili huku mtoto akiniangalia.

Jumatano tarehe 19, saa tatu asubuhi, alifariki mgongoni mwa baba yake, njiani kwenda zahanati. Ni mtoto wa sita kitongojini mwetu tangu Januari kufa kwa kuhara, wote nje ya hospitali, na wale watano hatukuwasomea chochote.

Madaktari ningewashukuru, lakini hatukuwafikia, na kosa ni langu. Tunamshukuru muuguzi Nanyokie aliyetembea kwa miguu kuja kuzika nasi, majirani waliochimba kaburi, na walimu wa Sara. Kina mama, mtoto akiharisha mpeni maji, na mwanamume yeyote akiwakataza, hata nikiwa mimi, msimsikilize.

Shemeji Elizabeti, nakuomba msamaha mbele ya watu wote hawa. Josephati mwanangu, uliniomba maji nikakunyima, pumzika kwa amani.